Nikotini bila moshi: kutoka tambuu ya Unguja hadi plasta ya ngozi

Nikotini huingia mwilini kwa njia nne: mapafu, pua, mdomo na ngozi. Sigara hutumia mapafu, ugoro hutumia pua, tambuu na tumbaku ya kutafuna hutumia mdomo, na plasta ya nikotini, ambayo mvutaji huibandika mkononi au kifuani ili aache sigara, hutumia ngozi. Nikotini ni ile ile katika njia zote nne. Kinachobadilika ni kasi ya kuifikisha kwenye ubongo na sumu zinazofuatana nayo. Historia ya Unguja, tangu Mji Mkongwe hadi Nungwi kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa, inalionesha jambo hili waziwazi, kwani watu wa pwani walikuwa wakipata nikotini bila moshi karne kadhaa kabla viwanda vya dawa havijaanza kutafuta namna ya kufanya hivyo.

Tambuu na tumbaku

Katika Afrika Mashariki tambuu ilitangulia tumbaku. Msafiri Ibn Battuta alipoteremka Mogadishu mwaka 1331 alipelekewa sahani ya majani ya tambuu na popoo, heshima aliyostahiki mgeni, na safari hiyo hiyo ikamfikisha Mombasa na Kilwa. Mtambuu na mpopoo asili yake ni Asia ya Kusini na Kusini-Mashariki. Biashara ya pepo za msimu ndiyo iliyoileta, na yote miwili ikastawi Unguja na Pemba. Jani hupakwa chokaa laini, hutiwa vipande vya popoo na katu, kisha hukunjwa na kuwekwa shavuni. Tambuu ilikaribishiwa wageni barazani, ikapangwa kwenye sinia za harusi, na wenye uwezo wakaiweka katika kijaluba cha fedha.

Tumbaku ni mmea wa Amerika, na haikufika pwani ila baada ya Wareno, ambao walitia nanga hapa kwa mara ya kwanza mwaka 1498 na kupoteza Ngome ya Yesu ya Mombasa kwa Waomani mwaka 1698. Mmea huo ulipofika haukuhitaji desturi mpya ya kuubeba. Uliingia ndani ya tambuu iliyokuwapo, ukawa kiungo kimojawapo miongoni mwa viungo vya shavuni. Wengine waliitafuna tumbaku kwa chokaa peke yake, na wengine wakaisaga kuwa ugoro na kuitia magadi.

Chokaa na magadi havikuwekwa kwa ladha tu. Ndani ya jani la tumbaku, sehemu kubwa ya nikotini imeshikamana na asidi na kuwa chumvi, na katika hali hiyo haipiti kwa urahisi kwenye utando wa mdomo. Chokaa ina nguvu ya alkali, hivyo inapochanganyika na mate huifungua nikotini kutoka kwenye chumvi hiyo. Nikotini iliyofunguliwa huyeyuka katika maji na katika mafuta pia, na kwa sifa hizo mbili hupenya utando wa shavu na kuingia kwenye damu. Chokaa ya pwani hupatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe katika matanuri ya kuni, na ndiyo iliyojenga nyumba za Mji Mkongwe. Kwa hiyo malighafi iliyoipa tumbaku ya kutafuna nguvu yake ilikuwa jirani na kila kijiji cha kisiwa. Watafunaji waliijua kazi ya chokaa kwa mazoea, na wanakemia wakaja kuieleza baadaye.

Katika karne ya 19 tumbaku ilikwisha kuwa bidhaa ya kawaida katika masoko ya Unguja. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika kisiwani Desemba 1856, aliandika kwamba tumbaku ya Usambara ilikuwa na sifa kubwa, ikitengenezwa kuwa mikate midogo ya mviringo na kufungwa kwa majani ya mgomba kabla ya kusafirishwa. Haikukubalika kwa wote. Maulamaa wa Kiibadhi, madhehebu ya masultani wa Unguja tangu Seyyid Said, waliiharamisha tumbaku, na hukumu hiyo ilifuatwa na Waomani wengi wenye kushika dini. Hata hivyo bandarini na mashambani tumbaku iliendelea kuuzwa na kutafunwa.

Kwa watu wa bahari, kama walivyo wa Nungwi, wajenzi wa majahazi na wavuvi, tumbaku ya shavuni ilikuwa na faida iliyo wazi. Haizimwi na upepo wala mawimbi, haileti cheche kwenye chombo cha mbao, tanga na kamba za nazi, na huiacha mikono yote miwili huru kwa nyavu na mishipi. Mvuvi aliye baharini usiku kucha huihitaji kwa sababu nikotini humpunguzia usingizi na njaa.

Madhara yake yalichelewa kutambuliwa kwa sababu huchukua miaka mingi kujitokeza. Mwaka 1985 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba tambuu yenye tumbaku husababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2004 likaongeza kwamba hata tambuu isiyo na tumbaku, pamoja na popoo yenyewe, zina hatari hiyo. Saratani ya mdomo hutokea zaidi mahali pale pale donge linapokaa, yaani shavuni na kwenye fizi. Kukosekana kwa moshi kuliyalinda mapafu, lakini hakukuulinda mdomo.

Sigara yachukua nafasi

Mabadiliko makubwa yalitoka Marekani, ambako James Bonsack alibuni mashine ya kusokota sigara na kupewa hataza mwaka 1881. Sigara iliyokuwa ikisokotwa kwa mkono ikawa bidhaa ya kiwanda, rahisi na yenye umbo moja kila mahali. Kampuni ya British American Tobacco iliundwa mwaka 1902 na kuanza biashara Mombasa mwaka 1907. Tanganyika ilipata kiwanda chake cha sigara Dar es Salaam mwaka 1961, ambacho leo ni Kampuni ya Sigara Tanzania. Katika bara, Urambo mkoani Tabora ilikuwa imeshageukia kilimo cha tumbaku baada ya mradi wa karanga wa Waingereza kushindwa mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Sigara iliishinda tumbaku ya kutafuna kwa sababu ya kasi. Tumbaku ya sigara hukaushwa kwa namna inayoufanya moshi wake uwe na asidi kidogo na usiunguze koo, hivyo mtu anaweza kuuvuta hadi ndani ya mapafu. Uso wa ndani wa mapafu ni mpana sana na umejaa mishipa midogo ya damu, na nikotini inayotua hapo hufika kwenye ubongo kwa muda wa sekunde 10 hadi 20. Ubongo hujifunza haraka kuunganisha mpuliko na raha inayofuata, na kila mpuliko huwa somo jingine. Anayevuta sigara 20 kwa siku hulirudia somo hilo mara mia mbili au zaidi. Pamoja na nikotini huja kemikali zaidi ya 7,000 zinazozalishwa na moto, zikiwemo lami, gesi ya kaboni monoksaidi na vitu visivyopungua 69 vinavyojulikana kusababisha saratani. Kinachomfunga mvutaji ni nikotini, lakini kinachomuua zaidi ni huo moshi.

Unguja haikubaki nje. Nungwi, iliyoishi kwa uvuvi, ujenzi wa majahazi na kilimo kidogo cha maweni, ilianza kuzungukwa na hoteli katika miaka ya 1990, na sigara za pakiti na za kuuzwa moja moja zikawa bidhaa ya kila duka. Mitaani pia zilienea pakiti ndogo za kuberi, tumbaku kali iliyotengenezwa kiwandani kwa ajili ya kuwekwa chini ya mdomo. Desturi ya kale ya nikotini bila moshi ikarudi katika sura mpya, safari hii bila adabu ya baraza wala sinia, na wateja wake wengi wakiwa vijana.

Ngozi kama mlango

Kupitisha tumbaku kwenye ngozi nako si jambo la jana. Wenyeji wa Amerika waliyapaka majani mabichi kwenye vidonda kabla ya Wazungu kufika. Jean Nicot, balozi wa Ufaransa mjini Lisbon, aliisifu tumbaku kwa matibabu ya vidonda mnamo mwaka 1560, na daktari Nicolás Monardes wa Seville akaandika kwa urefu kuhusu majani yake kama dawa ya kubandika. Jina la Nicot likapewa mmea, na baadaye likapewa kemikali yenyewe, ambayo Wilhelm Posselt na Karl Reimann waliitenga katika hali safi mjini Heidelberg mwaka 1828. Nikotini ilipotumiwa baadaye kama dawa ya kuulia wadudu, ilionekana kwamba mtu anaweza kudhurika kwa kumwagikiwa tu mwilini.

Ushahidi mkubwa zaidi ulitoka kwa wavunaji. Mwaka 1970 madaktari wa Florida walieleza ugonjwa wa watu waliokuwa wakichuma majani mabichi ya tumbaku: kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu na udhaifu. Wagonjwa hawa hawakuwa wameivuta wala kuitafuna. Umande juu ya majani uliiyeyusha nikotini, nguo zikalowa, na ngozi ikainyonya. Ugonjwa huo huwapata wavunaji popote tumbaku inapochumwa ikiwa mbichi. Nchini Malawi, ripoti ya shirika la Plan ya mwaka 2009 ilieleza kwamba watoto wanaofanya kazi mashambani wanaweza kunyonya hadi miligramu 54 za nikotini kwa siku, sawa na sigara 50. Mlango huo huo ulioleta maradhi kwa mtoto wa shambani ndio uliokuja kutumiwa kwa matibabu, na kilichotofautisha mambo haya mawili ni kipimo.

Hatua ya kwanza ya tiba haikupita kwenye ngozi. Mwaka 1967 Claes Lundgren wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, alimwandikia Ove Fernö wa kampuni ya dawa ya Leo kuhusu mabaharia wa nyambizi ambao, kwa kukatazwa kuvuta chini ya maji, walitumia tumbaku ya mdomoni na kutulia. Fernö akabuni chingamu ya nikotini. Ili nikotini ipite shavuni, aliitia kemikali ya kupunguza asidi ya mate, kazi ile ile inayofanywa na chokaa ndani ya tambuu. Chingamu hiyo ilikubaliwa Uswisi mwaka 1978 na Marekani mwaka 1984.

Wakati huo huo teknolojia ya plasta zenye dawa ilikuwa ikikua. Plasta ya kuzuia kichefuchefu cha safari iliidhinishwa Marekani mwaka 1979, na ya nitrogliserini kwa wagonjwa wa moyo ikafuata. Mjini Los Angeles, watafiti Murray Jarvik na Jed Rose, wakichochewa na habari za wavunaji wa tumbaku, walijaribu kuipitisha nikotini kwenye ngozi. Kwa kuwa hawakupata ruhusa ya kujaribu kwa watu wengine, walianza na miili yao wenyewe, na mapigo ya moyo yakapanda. Pamoja na Daniel Rose, ndugu yake Jed, walichapisha matokeo ya kwanza mwaka 1984, na mwaka uliofuata wakaonesha kwamba nikotini ya ngozini hupunguza hamu ya sigara. Plasta za kwanza za nikotini ziliidhinishwa Marekani mwishoni mwa mwaka 1991, na mwaka 1996 baadhi yake zikaruhusiwa kuuzwa bila cheti cha daktari.

Namna plasta inavyofanya kazi

Plasta ya nikotini ina tabaka la nje lisilopitisha maji, tabaka lenye dawa na gundi inayoshika ngozi. Nikotini hutoka polepole, hupita kwenye tabaka gumu la juu la ngozi na kufikia mishipa midogo ya damu. Hakuna kilele cha ghafla. Kiwango katika damu hupanda kwa saa kadhaa, kisha hubaki karibu sawa. Kwa sababu hiyo plasta haimpi mtumiaji ile raha ya mpuliko, bali humwondolea makali ya arosto: hasira, wasiwasi, kukosa usingizi na mawazo yasiyotulia. Wakati huo ubongo hupoteza taratibu mazoea ya kutarajia malipo kila mkono unapopanda mdomoni.

Aina inayokaa saa 24 hutolewa katika nguvu za miligramu 21, 14 na 7. Anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku kwa kawaida huanza na ya juu kwa wiki kadhaa, kisha hushuka, na tiba nzima huchukua wiki 8 hadi 10. Ipo pia aina ya saa 16, inayobanduliwa usiku, kwa wanaosumbuliwa na ndoto kali. Hubandikwa kila siku mahali tofauti, kwenye ngozi kavu, safi na isiyo na nywele nyingi, ili kuepusha muwasho. Joto kali huongeza mtiririko wa damu ngozini na kuifanya nikotini iingie kwa wingi zaidi, jambo la kuzingatiwa na mtu anayeshinda juani. Plasta iliyotumika bado ina nikotini, kwa hiyo hukunjwa upande wa gundi kwa ndani na kutupwa mbali na watoto.

Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja zimeonesha kwamba tiba ya kurudishia nikotini, iwe plasta, chingamu au nyingine, huongeza uwezekano wa kuacha sigara kwa asilimia 50 hadi 60. Plasta pamoja na chingamu hufanikiwa zaidi kuliko kimoja peke yake, na ushauri wa mtaalamu huongeza mafanikio. Kwa watafunaji wa tumbaku ushahidi ni dhaifu zaidi: ushauri na dawa ya vareniklini vimeonesha manufaa, lakini plasta haijathibitika vivyo hivyo. Mtafunaji wa Nungwi na mvutaji wa Nungwi hawahitaji tiba ile ile.

Katika miaka ya 2000 ilijitokeza pia geli ya kupaka mikononi iliyotengenezwa kwa tumbaku, ikiuzwa kwa jina la Nicogel. Ililetwa sokoni wakati nchi za Ulaya zikianza kupiga marufuku uvutaji ndani ya majengo, Ireland ikitangulia Machi 2004. Lengo lake lilitofautiana na la plasta. Plasta ina kipimo kinachopungua na siku ya mwisho, ilhali geli ilimsaidia mvutaji kuvumilia hadi sigara inayofuata. Tofauti hiyo kati ya kuacha na kusubiri ndiyo mpaka kati ya dawa na bidhaa ya starehe.

Mpaka huo Afrika Mashariki

Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku ulianza kutumika Februari 2005, na Tanzania ikauridhia mwaka 2007. Kifungu chake cha 14 kinazitaka nchi kuwasaidia watumiaji waache. Mwaka 2009 plasta na chingamu ya nikotini ziliingizwa katika orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu, na mwaka 2024 likatoa mwongozo wake wa kwanza wa tiba ya kuacha tumbaku kwa watu wazima.

Kenya ilionesha jinsi mpaka wa dawa na starehe unavyoweza kuvukwa. Mwaka 2019 vifuko vidogo vya nikotini vya LYFT, bidhaa ya British American Tobacco ya kuwekwa chini ya mdomo, vilisajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Oktoba 2020 Waziri wa Afya Mutahi Kagwe aliagiza usajili huo ufutwe, akieleza kuwa haukufuata sheria. Uganda ilichukua njia kali zaidi: sheria yake ya mwaka 2015 ilipiga marufuku tumbaku isiyo na moshi, shisha na sigara za kielektroniki.

Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 8.7 ya watu wazima wakitumia tumbaku. Zanzibar ina mambo mawili yanayoiweka tayari kuipokea tiba ya plasta. La kwanza ni uzoefu. Kliniki ya methadoni ya Kidongo Chekundu, iliyoanza mwaka 2015, huwapa waraibu wa heroini dawa ya jamii hiyo hiyo iendayo polepole, chini ya uangalizi na kwa kipimo maalumu. Mantiki ya plasta haitofautiani na hiyo.

La pili ni Ramadhani. Sigara hufunguza, na tumbaku ya kutafuna hufunguza, hivyo mvutaji hufikia magharibi akiwa katika arosto na wengi huwasha sigara baada tu ya futari. Katika kikao chake cha kumi huko Jeddah mwaka 1997, Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu iliamua kwamba kinachoingia mwilini kwa kunyonywa na ngozi, kama marhamu na plasta zenye dawa, hakifunguzi. Plasta inayobandikwa wakati wa daku hudumu mchana kutwa. Mwezi ambao mvutaji amekwisha kujizuia kwa saa kumi na tatu kila siku unaweza kuwa mwanzo wa kuacha kabisa, mradi dawa ipatikane kwenye kituo cha afya kilicho karibu naye na mfanyakazi wa afya aweze kumwongoza.

Sigara na kuberi huuzwa katika maduka ya vijijini kwa bei ya chini, ilhali tiba ya kuacha hutafutwa zaidi katika maduka makubwa ya dawa mjini na hugharimu fedha nyingi kwa mvuvi. Watu wa Unguja waliipata nikotini bila moshi kwa chokaa ya matumbawe, na gharama yake ikalipwa mdomoni. Plasta imeondoa moshi pamoja na saratani ya shavu, ikabaki na nikotini peke yake, kwa kipimo kinachoshuka hadi sifuri. Manufaa hayo yatawafikia watu wa Nungwi pale tu plasta itakapopatikana kwa urahisi ule ule ambao sigara inapatikana leo.